Mikono Minne ya Zimwi Letu

Kabla ya vita, mjomba wangu alikuwa kuli katika bandari ya Kismayu. Siku moja alirudi nyumbani na kitabu cha hadithi za picha alichopewa na baharia wa meli ya kigeni, akatupa mimi na binti wa mama mdogo. Tulikuwa wasichana wa rika moja, tumelelewa nyumba moja, na tukiitana abaayo, yaani dada, kama majirani zetu Wasomali. Maneno ya kitabu kile yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua kwetu, wala hatukujali. Ndani mlikuwa na shujaa wa kutisha, mgongo kama jabali, aking'oa mlingoti kwa mkono mmoja. Tulikisoma kwa macho mpaka jalada likabanduka.

"Abaayo, na sisi tutunge letu," alisema ndugu yangu huyo.

Yeye ndiye aliyekuwa mtunzi. Uongo wake ulikuwa mtamu kuliko kweli za watu. Mimi nilikuwa na mkono wa kuchora. Pale pale akaliumba: zimwi la baharini, ngozi ya papa, mikono minne, sura ya kumkimbiza shetani, lakini moyo wake wote uko kwa watu wa visiwani. Nikachukua penseli.

Mikono miwili ya juu ilikaa vizuri. Ile ya chini ilinishinda. Kila nilipoiweka ubavuni ilikuwa kama miiko iliyochomekwa kwenye sima. Bibi yetu alipita, akainama kutazama.

"Huyu mchu au nyama?" aliuliza. Katika Kibajuni chetu mtu ni mchu, na mnyama ni nyama.

"Vyote viwili, bibi."

"Basi mtafutieni dawa. Mikono yake imeteguka."

Tulicheka mpaka tukalala chini, lakini alikuwa amesema kweli.

Kisha bunduki zikafika Kismayu. Wenye silaha wakawa wanapokonyana mji, leo hawa, kesho wale, na kila aliyeingia alianza kwa kutupora sisi Wabajuni tusiokuwa na jeshi. Mlango wetu ulipovunjwa mara ya pili, mjomba alitupakia sote chomboni akatupeleka Darakasi, kisiwa alichozaliwa bibi. Kitabu kilibaki nyuma. Zimwi tulikuwa nalo kichwani.

Naona haya kusema hivi, kwa kuwa watu walikuwa wakifa, lakini Darakasi nilikuwa na furaha. Nilichora kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, na watoto wa jamaa zetu walinizunguka kudai zimwi lile linafanya nini leo. Lilifanya kila kitu, ila mikono ya chini nilikuwa nikiificha nyuma ya mawimbi.

Asubuhi moja nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini, alinasa katika nyavu za mjomba akafa. Walipomvuta pwani, kisiwa kizima kilishuka, maana nyama ile ingelisha watu wengi. Mjomba alikuwa akimpasua huku akiimba kidogo kidogo. Alipokata pezi na kulitupa kando, niliona ndani yake mfupa umechungulia.

"Mjomba, nichunie hilo."

"Pezi? Halina nyama hilo, mwanangu."

"Sitaki nyama. Nataka kuona."

Alinitazama kama niliyepotewa na akili, kisha akalichuna taratibu kwa ncha ya kisu. Ngozi ikafunguka. Chini yake mlikuwa na mkono. Nasema mkono! Kiwiko, kifundo, na vidole vitano vilivyolala pamoja kama vya mtoto aliyevaa soksi. Nikapiga ukelele. Ndugu yangu akaja mbio akidhani nimejikata.

"Ana vidole, abaayo! Tazama, ana vidole!"

Nikamwomba mjomba anifuatishie mkono ule mpaka mwisho wake. Haukuishia pale ulipotokeza nje ya mwili. Uliendelea ndani, ukapanda hadi kwenye mfupa bapa uliolala juu ya mbavu. Kombe la mkono. Nikamgeuza ndugu yangu, nikaweka kiganja mgongoni pake.

"Inua mkono. Shusha. Inua tena."

Chini ya kiganja changu mfupa wake ulitambaa kama samaki chini ya mkeka. Nikaelewa. Mkono hauanzii begani, unaanzia mgongoni! Zimwi letu halikuwa likikosa mikono, lilikuwa likikosa mgongo wa kuishikilia. Nikakimbia nyumbani na vidole bado vina mafuta ya nguva. Nikarefusha kifua, nikaongeza makombe mawili chini ya yale ya kwanza, na misuli ya kifua nikaipanga safu juu ya safu kama makuti ya paa. Nilipomaliza, mikono minne ilikuwa imekaa. Bibi alitazama, kisha akasema, "Sasa huyo atanipiga." Sijapata kusifiwa vile tena.

Wenye bunduki walitufikia hata huko. Walikuja na boti la mashine, wakachukua nyavu, mitungi ya maji na dhahabu ya wanawake. Wiki hiyo hiyo tuliondoka kwenda Ras Kamboni, na kutoka hapo tukavuka hadi Kiunga, upande wa Kenya. Mjomba alibaki kuchukua kundi la pili. Hakufika, na hadi leo hakuna aliyetuletea habari zake. Mkono wa nguva niliouchora ni mkono alionifungulia yeye. Sijui namna nyingine ya kumlilia.

Tuliishia kwenye kambi ya wakimbizi Mombasa. Nikalichora zimwi kwa mkaa kwenye ukuta wa mabati uliokuwa karibu na bomba la maji. Mchoraji wa mabango ya maduka, kijana wa mjini aliyekuja kuandika kibao cha zahanati ya kambi, alisimama mbele yake muda mrefu.

"Nani kachora hili?"

"Mimi."

"Dada, mifupa unayo. Uzito huna. Limesimama kama nguo iliyoanikwa. Jitu la namna hii likinyanyua kitu, lazima mwili mzima ujue."

Ilinichoma, kisha ikanisisimua. Nikamsimamisha ndugu yangu foleni ya maji, na msichana mwingine nyuma yake, wamebanana mgongo na kifua, wakawa kiumbe kimoja chenye mikono minne. Kila mkono nikaupa dumu lililojaa.

"Tembeeni!"

Wakaenda hatua mbili wakayumba, kiuno huku, mabega kule, na foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. Wamama walioniambia mchana ule ule kwamba wamesahau kucheka walishika mbavu. Nami nikichora, nikipiga kelele, "Msiweke chini! Msiweke!" Niliona mstari ukishuka kutoka kichwani hadi kisigino kilichobeba mzigo wote. Mchoraji yule alichutama pembeni akinionyesha la ziada: kichwa kifanye kidogo, viganja vikubwa, mwili wenyewe utaonekana mlima.

Picha zile, pamoja na maneno ya ndugu yangu, mchoraji yule alizipeleka kwa rafiki yake aliyechapisha jarida la watoto. Walizikubali. Siku lilipotoka, ndugu yangu alilisoma kwa sauti katikati ya kambi, akiiga mngurumo wa zimwi, na watu wazima walikaa chini pamoja na watoto wao wakasikiliza hadi mwisho.

Sasa yeye anaishi Ulaya na mimi bado niko Mombasa, nachora vitabu vya watoto. Juzi alinipigia simu, sauti juu.

"Abaayo, nimepata jipya. La kike. Lina miguu sita!"

"Sita? Nyonga zake nitaziweka wapi?"

"Hiyo kazi yako," alisema, akacheka.

Nilikata simu nikaenda sokoni kununua kaa mkubwa aliye hai, nikamweka juu ya meza na kukaa kumtazama anavyotembea.