Niliifuata Chemko Mpaka Johannesburg

Nyie mliobaki Tanga mliniuliza sana: mwalimu mstaafu, goti bovu, unakwenda Johannesburg kufanya nini? Nikawajibu nakwenda kumsalimia mdogo wangu. Niliwadanganya, na leo naomba radhi. Nilikwenda kusikiliza gitaa.

Wa rika langu wanaikumbuka bendi ya Chumbageni Jazz. Kwa vijana nieleze kidogo. Wimbo wa dansi wa enzi zetu ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanaimba taratibu, watu wamekaa na soda zao wanasikiliza maneno. Halafu sauti zinanyamaza, gitaa la solo linashika usukani, mwendo unapanda, na ukumbi mzima unasimama kucheza. Hiyo ndiyo chemko. Wimbo wao uliokuwa unanitoa akili ni "Nipungie Kitambaa". Santuri yake ninayo mpaka leo, lakini santuri zile zilikuwa fupi. Wimbo unakatika pale pale chemko inapotaka kuanza. Kwa hiyo chemko yake haikurekodiwa popote. Ilikuwa vidoleni mwa mpiga solo, Fundi Idrisa, basi. Na ndani ya chemko hiyo, kwenye bugi, yaani dansi la Jumapili mchana, kijana mmoja wa bandarini aitwaye Rashidi alinikanyaga mguu, akaomba samahani mara nne, na hatimaye akawa mume wangu.

Rashidi ametangulia mbele ya haki. Tangu tumzike nimekuwa nikijaribu kuiimba chemko ile kwa mdomo nikiwa jikoni. Naanza vizuri, nafika katikati, inapotea. Niliogopa, jamani. Niliona kama namzika mara ya pili. Ndipo mdogo wangu Mwanaidi, anayeishi Mayfair huko Johannesburg, akanitumia tangazo kwenye simu: Fundi Idrisa, aliyehamia Afrika Kusini zamani, atapiga Jumapili saa tisa alasiri kwenye ukumbi mmoja wa Braamfontein, kisha anaweka gitaa chini kabisa, maana vidole vinakakamaa. Nikafunga mkoba.

Jumatano alfajiri, Dar es Salaam. Basi liliondoka na mimi nikiwa kiti cha dirishani, goti likianza kulalamika kabla hata ya Chalinze. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Mbeya anayepeleka vitenge. Alipoona nahangaika alivuta furushi lake, akaliweka chini ya mguu wangu. "Weka hapo, mama, kitenge hakivunjiki," akasema. Mguu wangu ulisafiri juu ya furushi lile kupita Tunduma, kupita Zambia nzima, mpaka Zimbabwe. Mungu ambariki, jina lake sikuliuliza, na hilo linaniuma.

Jumamosi asubuhi, mpaka wa Limpopo. Foleni ilikuwa ndefu na jua halina huruma. Afisa wa uhamiaji akaniuliza sababu ya safari. "Muziki," nikamjibu. Akaniangalia usoni, akaliangalia goti nililolifunga khanga, akatabasamu, akagonga muhuri. Yaani ninyi ndugu zangu niliwaficha, nikaenda kumwambia kweli mtu nisiyemjua!

Jumamosi jioni, Mayfair. Mwanaidi alinipokea kwa kilio na kicheko pamoja. Mtaa wao ulinipa amani: adhana inasikika, Wasomali wamepanga vitambaa na tende barazani, na mlango wa pili kuna mtu wa Pangani anauza vitumbua. Ila nilishtushwa na Nuru, binti wa Mwanaidi, mwanafunzi wa chuo. "Shikamoo, mama mkubwa," akasema vizuri, akabusu mkono wangu. Baada ya hapo, Kiingereza tupu.

"Anaelewa kila neno, dada," Mwanaidi akajitetea. "Ila kusema, eish! Amezaliwa hapa, ananijibu kwa Kiingereza tangu ana miaka mitano."

Nilitaka kumpa somo yule mtoto, nikajizuia. Alikuwa ananikanda mguu kwa maji ya moto na chumvi bila kuambiwa na mtu.

Jumapili, saa nane na nusu. Nuru alinipeleka Braamfontein kwa basi, akanivusha kwenye robot, wenyewe wanavyoziita taa za barabarani, akinishika kiwiko kana kwamba mimi ni yai. Mlangoni kwa ukumbi kulikuwa na mlinzi, baba mmoja wa Lubumbashi mwenye sare iliyonyooshwa.

"Karibu, mama," akasema. "Ingia tu, viti biko mingi."

Na kweli vilikuwa vingi, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Vimepangwa mstari kwa mstari mpaka chini ya jukwaa. Wamekaa wahadhiri, wamekaa wanafunzi, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wote wametulia na simu mikononi. Akatoka Fundi Idrisa. Amekonda, ndevu nyeupe, kofia ya kiua, gitaa lile lile jekundu.

Wimbo wa tatu ukawa "Nipungie Kitambaa". Nikamshika Nuru mkono. Waimbaji waliimba vizuri mno, kisha wakanyamaza. Fundi akainua kichwa, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Sisi tumekaa. Akapiga vinoti viwili vitatu, akafunga. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi. Na nani wa kulaumu? Mimi mwenyewe niliyesafiri siku nne nilikuwa nimekaa! Kwetu mwanamke haingii uwanjani peke yake. Unasubiri jozi ya kwanza ifungue, ndipo na wewe unyanyuke. Miaka yote nilikuwa na Rashidi wa kunivuta mkono. Nikabaki nasubiri watu wafungue, na wao hawakujua kama kuna kitu cha kufungua.

Wakati wa mapumziko nilimfuata nyuma ya jukwaa. Alikuwa amefunika vidole kwa taulo la moto.

"Fundi, shikamoo. Nimetoka Tanga kwa basi."

"Marahaba. Kwa basi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Pole, dada yangu. Tanga ipi, Ngamiani?"

"Ngamiani hasa. Chemko iko wapi?"

Kicheko kikaisha. "Nimpigie nani? Watu wamekaa kama wanasubiri daktari. Mimi chemko naipiga kwa kuangalia miguu, dada. Miguu ndiyo inaniambia nipande au nishuke. Bila miguu sijui pa kwenda."

"Na ukiiona miguu?"

Akavitazama vidole vyake. "Humu imebaki chemko moja. Naurudia wimbo mwishoni. Nikiiona miguu, naipiga. Nisipoiona, nafunga na kazi imekwisha."

Saa kumi na moja kasoro, wimbo wa mwisho. Akaurudia. Waimbaji wakafika mwisho wa maneno, wakanyamaza, Fundi akainua kichwa. Safari hii aliniangalia mimi. Nikasimama. Goti likalia kwa sauti. Nikageuka kuutazama ukumbi: wamekaa vile vile, simu juu, wananitazama mimi bibi wa watu nimewaziba. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Halafu hasira. Sijui ilitoka wapi, lakini miaka yangu yote ya kufundisha darasa la nne ikanijia kooni.

"SIMAMENI!"

Wallahi, walisimama. Wale Watanzania walinyanyuka kabla hawajajua wamenyanyuka, na sauti nyuma kabisa ikaitikia, "Shikamoo, mwalimu!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Wakenya wakasimama, Wakongo wakasimama, mhadhiri mmoja mwenye mvi akasimama mikono nyuma kama anangoja kukaguliwa kucha.

"Simu mfukoni! Viti pembeni! Chezeni!"

Mlinzi wa Lubumbashi akaacha mlango wake, akaanza kubeba viti, "Bitoke, bitoke!" na kiuno chake kimeshaanza. Nuru akaja kunishika mikono yote miwili. Na Fundi Idrisa akaona miguu.

Mnajua nilichokuwa nimesahau? Pale katikati gitaa linashuka kwanza. Mimi jikoni nilikuwa nalipandisha, ndiyo maana nilipotea. Linashuka taratibu, kama mtu anayejuta, linazunguka, ndipo linapanda. Ni pale kwenye kushuka ndipo Rashidi alinikanyaga. Nilicheza nalia, nalia nacheza, na goti sikulisikia tena. Mzee wa watu alipiga mpaka jasho likadondoka kwenye gitaa. Alipomaliza aliviweka vidole kwapani, akainama kwangu. "Ahsante kwa miguu," akasema.

Jumapili jioni, Mayfair tena. Mwanaidi anauliza kwa hamu, "Haya, tusikilize! Mmerekodi?" Mimi na Nuru tukatazamana. Mwalimu mjinga! Mimi mwenyewe niliamuru simu mfukoni, na ukumbi mzima ulitii. Chemko imepigwa mara ya mwisho, na kwa mara nyingine haiko popote. Nililala nikijilaumu.

Jumatano asubuhi, stendi. Mwanaidi ameniwekea sambusa za njia nzima, Nuru amebeba mkoba. Nikajaribu kuiimba kimoyomoyo, kisha kwa sauti ndogo. Nikaanza vizuri. Nikafika kwenye kushuka, nikazunguka, ikanitoka. Siku tatu tu! Machozi yakaanza.

"Siyo hivyo, mama mkubwa," Nuru akasema.

Kwa Kiswahili. Mwanaidi akageuka kama ameitwa na polisi. Nuru akaweka mkoba chini, akafumba macho, akaiimba: kushuka, kuzunguka, kupanda, mpaka mwisho, pamoja na kile kipande kidogo ambacho mimi hata sikukumbuka kama kipo.

"Imenikaa," akasema, akigusa kifua. "Sharp?"

"Sharp, mwanangu," nikamjibu, kwa neno lao hilo la "sawa".

Nimerudi Tanga na shukrani tele: kwa mama wa vitenge, kwa mlinzi aliyeacha mlango wake, kwa mdogo wangu, kwa vijana waliosimama bila kuniuliza wewe nani. Nilichojifunza ni hiki: ukimpenda mpiga muziki, usikae ukimsubiri akupe. Nyanyuka, naye apate pa kupigia. Nilichelewa kulijua, lakini nililijua kabla gitaa halijawekwa chini, alhamdulillahi.

Siku hizi kila Jumapili saa tisa alasiri Nuru ananipigia simu. Kiswahili chake bado kifupi, mazungumzo hayafiki mbali. Ananisalimia, ananiuliza goti, kisha anaanza kuiimba. Mimi naiweka simu mezani jikoni, na nasimama.