Dagaa wa Jiwe

Sabina Ng'washi alikuwa mtu wa kuuliza mara moja tu. Ukimjibu akaelewa, yameisha. Asipoelewa, atakunyamazia mpaka uchoke mwenyewe. Ndivyo alivyomnyamazia Odeta, mwanawe wa pekee, tangu binti huyo aliposema amepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, akachunguze atomi zilizobanwa ndani ya nyota.

"Bila kauli yako siendi, mama," Odeta alimwambia siku ile.

"Kauli utaipata nikikiona hicho unachokifuata. Nikuachie uende kwa wageni, ukatafute kitu ambacho hata wewe hujakiona?"

Siku ya safari ikakaribia. Asubuhi moja walikuwa mwaloni, ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Pasiansi, wanaanika dagaa. Pale kila mwanamke hutandaza wavu wake mchangani, na katikati huweka jiwe jeusi, bapa, alama ya uwanja wake. Dagaa wanaogandia juu ya jiwe huitwa dagaa wa jiwe. Hao hawauzwi sokoni Kirumba wala hawapewi mgeni. Ni wa chungu cha mwenyewe.

"Hebu mweleze tena," alisema Bimdogo, jirani yao wa wavu. "Labda leo mama yako kaamka na masikio."

Odeta akacheka, akajaribu. "Atomi ina kiini katikati. Elektroni zinakaa kukizunguka, lakini huwezi kunyoosha kidole ukasema hii hapa. Zimetanda kama wingu. Na kila atomi ina wingu lake."

"Wingu halina mwenyewe," Sabina akakata.

"Basi Odeta atuambie hilo linalotoka ziwani ni la nani," Bimdogo akadakia, "maana linatujia sisi!"

Kweli, ziwa lilikuwa limeshaingia giza. "Anueni! Anueni jamani!" Wanawake wakakurupuka, wakakunja nyavu, wakakokota, wakamwaga dagaa wa nyavu zote kwenye lundo moja chini ya turubai moja, kama walivyozoea mvua ikiwafumania. Kisha wakajibana pembeni, bega kwa bega, mvua ikitwanga juu.

Odeta, maji yakimchuruzika usoni, akalikodolea macho lile lundo.

"Mama, wako ni wepi hapo?"

"Swali gani hilo? Si wameshakuwa wetu sote! Tutagawana mvua ikikatika."

"Na wa jiwe?"

Sabina akafunua khanga. Jiwe lake alikuwa amelikumbatia kama mtoto, na dagaa wamelishikilia. "Hawa hawachanganyiki na mtu."

"Ndiyo kazi yangu hiyo, mama! Ndani ya nyota atomi zinabanwa mpaka mawingu yao yanaingiliana. Elektroni za nje hazina tena mwenyewe, zinazurura kotekote. Za ndani kabisa zinang'ang'ania kiini chao. Nataka kujua, zikibanwa kiasi gani, zipi zinabaki na zipi zinaachia. Mwanga unavyopenya kutoka humo unategemea hilo."

 Sabina alilitazama lundo, akalitazama jiwe.

"Na jua je?"

"Jua nalo ni nyota."

Mvua ikakatika ghafla, kama ilivyoanza. Jua likatoka, mchanga ukafuka mvuke. Sabina akasogea nje, akanyoosha mikono. Maisha yake yote alikuwa akiligombeza jua hilo kama kibarua mvivu: leo umechelewa, leo umeniozesha.

"Joto hili limetoka huko kwenye msongamano?"

"Huko huko. Lilianza zamani mno, mama, huenda kabla ziwa hili halijajaa maji. Limekuwa likigonga elektroni hizo, linarudishwa, linapenya, mpaka likapata mlango wa kutokea."

"Kabla ya ziwa," Sabina alirudia polepole. Aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja na migongo, kana kwamba kaazimwa leo. "Halafu linakuja kukausha dagaa. Ee Mungu wangu."

Bimdogo akalifunua turubai.

Wakagawana lundo. Sabina akatandaza wavu, akarudisha jiwe katikati, akawageuza wale dagaa wake mmoja mmoja walielekee jua.

"Hawa waangalie wasije wakaliwa na kunguru," alimwambia Odeta. "Utasafiri nao."

"Wa jiwe?" Bimdogo akashtuka. "Sabina! Hao si hawatoki nyumbani?"

"Na huyu je," alijibu Sabina, akimwonyesha binti yake kwa kidevu, "si wa jiwe pia?"