Cousin Alisema Blog Bila Namba Haikui, Baba Akasema Ng'ombe Hahesabiwi

Wakuu, nawasalimu wote. Wa mjini, wa shamba, na nyinyi mnaosoma kila siku bila ku-comment, nawaona.

Nimeandika hii kwa sababu kila nikiingia hapa nakuta mtu anauliza afanye nini ndio blog yake ikue. Mimi sina dawa ya kukuza. Yangu ilikua, nikaikata na mkono wangu mwenyewe, na sijajuta hata kidogo. Yote nitasema ni ya kweli. Majina ya watu nimebadilisha. Ya ng'ombe nimeacha vile yalivyo, hao hawawezi kunipeleka kortini.

Mimi ni mwanamke wa Kapseret, huku karibu na airport ya Eldoret. Mchana nauza dawa za mifugo kwa agrovet mjini. Jioni niko nyumbani na Baba, tunafuga ng'ombe wa maziwa.

Mama alipoaga, Baba alinyamaza. Si kununa, hapana. Unamsalimia anaitikia, unampa chakula anasema asante, basi imeisha hapo. Jina la Mama hakulitaja tena tangu tumzike. Aki mnajua vile nyumba inakuwa kubwa mkiwa wawili na mmoja haongei?

Mahali pekee alikuwa anaongea ni kwa boma, saa ya kukamua. Akiniona nimesimama na ndoo anaanza. Huyu ni Lelmet, kichwa chake cheupe, na mama yake alikuwa anajua kufungua gate na pembe. Huyu anaitwa Sista kwa sababu alinunuliwa kwa masista wa misheni, na mpaka leo hapendi kelele.

Nikaanza kuandika hayo maneno. Nilikuwa naogopa yatapotea, na nilikuwa naogopa yeye pia atapotea akiwa bado hai. Hiyo ndiyo blog yangu. Post moja, ng'ombe mmoja, vile Baba amesema. Baba alijua, nilikuwa namsomea, anasema tu "Sawa."

Hakukuwa na ratiba. Akiongea naandika, asipoongea hakuna post. Zingine ndefu, zingine ni mistari tu hivi. Wasomaji walikuwa wachache, wengi watu wa huku.

Sasa ingia cousin yangu Kevo.

Kevo anaishi mjini, mtaa wa Elgon View, anafanya mambo ya digital marketing, na Kevo ni mtu mzuri, nisimchome sana. Alikuja Jumapili kula, akaangalia blog yangu kwa simu, akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Nani duniani ana-google Lelmet?"

Akanipa sheria. Chagua niche, yaani mada moja tu. Post kila wiki bila kukosa. Toa hadithi za familia, weka tips. Na headline lazima ianze na namba, watu wanapenda namba. Nikampa password. Msiniulize nilikuwa nafikiria nini, nilikuwa nimeshiba.

Alichukua hadithi zote za Baba, akazikatakata, akazifanya post moja ya siri za maziwa mengi. Na kichwa chake kilianza na idadi ya ng'ombe wa Baba. Hiyo idadi aliipata aje? Alisimama kwa gate ya boma akanyoosha kidole, mmoja mmoja, kama mwalimu wa zamu.

Kwa wale si wa huku, ngoja niwaeleze. Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Mtu anajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe, kwa jina. Wakirudi jioni Baba anaangalia mara moja tu anasema, "Sista hayuko," na kweli hayuko. Kuwahesabu na kidole ni kama kuwaita wapungue. Uamini usiamini, shauri yako. Mimi niko na diploma na bado siwezi kuhesabu, na hata hapa namba sitawapa.

Wacha niseme ukweli, hiyo post ililipuka. Simu ililia mpaka nikaizima sauti kazini. Watu walishare kwa magroup ya wakulima, na kampuni moja ya chakula cha mifugo ikaniandikia ati wanataka kuweka tangazo. Headline sikuipenda, lakini nilijiambia nitarekebisha baadaye. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilitembea hapo mjini kama mtu ameshinda marathon.

Halafu asubuhi moja Baba akapeleka maziwa kwa cooler, pale wakulima wote wanapeleka yapimwe. Wako kwa line na mikebe yao, jirani akatoa simu akasoma headline kwa sauti. "Mzee, kumbe uko na ng'ombe hao wote!" Watu wakacheka vizuri tu, hakuna aliyemaanisha ubaya. Baba alipimiwa maziwa yake akarudi nyumbani.

Jioni nikaenda bomani na ndoo. Lelmet alikuwa na mimba, karibu azae, nikauliza anaendelea aje.

"Ni ng'ombe," Baba akasema.

Basi. Hiyo tu.

Kesho yake nikauliza juu ya Sista. "Ni ng'ombe." Siku zilizofuata nikawa nikifika kutoka kazini nakuta amemaliza kukamua na gate imefungwa. Wakuu, huyo mzee hakunigombeza hata neno moja, na nilitamani sana anigombeze. Nililia kwa choo ya agrovet, nikaosha uso, nikauzia watu dawa ya minyoo.

Nikampigia Kevo, nikamwambia hiyo post inatoka.

"Badilisha title tu," akasema. "Toa namba."

"Umekatakata kila kitu, Kevo. Hata bila namba hiyo si maneno yake."

"Sikiza, hiyo ni asset. Huwezi kufuta asset ikiwa juu hivi. Unajua watu wanalipa ngapi kupata hiyo traffic ya wasomaji?"

"Hiyo si asset. Hiyo ni Baba."

Nikafuta, nikabadilisha password. Usiku tukila ugali nikamwambia, "Baba, ile ya kuhesabu nimeitoa. Si mimi niliandika, lakini ilikuwa kwangu. Pole."

Akasema "Mm." Akaomba aongezewe mboga.

Kampuni ya chakula ikanyamaza, wasomaji wakapotea. Hayo hayakuniuma. Kilichonitisha ni kwamba Baba aliendelea kunyamaza. Nilianza kujiambia labda nimemfunga mdomo milele, labda ile boma ndiyo ilikuwa mlango wa mwisho na nimeacha mtu aubomoe.

Halafu asubuhi moja najiandaa kwenda kazi, nikasikia anagonga dirisha.

"Kuja uone."

Lelmet alikuwa amezaa. Ndama jike, bado amelowa, anajaribu kusimama anaanguka. Kichwa cheupe pee. Baba alikuwa amechuchumaa hapo kwa matope, na akaanza kuongea bila kuniangalia.

Alisema siku Mama aliletwa hapa kama bibi arusi, alisimama mlangoni akakataa kuingia, vile desturi inataka, mpaka aahidiwe ng'ombe. Wakamwahidi mbuzi, akakataa. Wakamwahidi fahali, akatikisa kichwa. Mpaka nyanya, mamake Baba, akamwahidi mtamba wake mwenye kichwa cheupe, ndiyo akainua mguu akaingia. Lelmet ni kizazi cha huyo mtamba, na sasa huyu mdogo pia.

"Alisimama hapo mpaka mimi ndio nikaumwa na miguu," Baba akasema, na akacheka. Alicheka, wakuu! Halafu akafuta macho na mkono wenye matope.

"Hiyo andika," akaniambia. "Na uandike alikuwa mkaidi."

Nilichelewa kazini. Niliandika hapo hapo nimesimama, bila keyword, bila tips, na kwa kichwa nikaweka jina la Mama.

Kwa hivyo nyinyi mnaotaka kukuza, kuzeni, sikatazi mtu. Lakini kabla hujampa mtu password jua kwanza ulikuwa unaandikia nani. Mimi wangu ni Baba, huwa ananiuliza kila jioni nani amesoma. Hajawahi kuuliza ni wangapi. Namwambia ni kijana wa Sugoi anafanya kazi Qatar, ni Mama Hafsa wa duka la vitambaa ambaye babake alifuga ngamia kaskazini, naye mzee anataka kujua kila mmoja ni mtoto wa nani.

Na nyinyi mkisoma hii, andikeni hapo chini mnatoka kwa nani. Nitamsomea jioni tukikamua.