Mfupa wa Mama na Moshi wa Hongwe

Mama aliteleza kwenye tope akishuka mtumbwini, akavunjika muundi. Hospitali ya Kibiti walimfunga hogo, lile gamba gumu la plasta, wakatupa tarehe ya kurudi. Nilirejea naye kisiwani nikiwa hoi, maana tangu siku hiyo maji, kuni, kupika na samaki vyote vilikuwa vyangu.

Kwetu mtu mzima hakai bure. Aliyevunjika mguu bado ana mikono, na samaki wanageuzwa kwa mikono. Basi kila asubuhi nilimbeba mama mgongoni hadi banda la kukaushia samaki wetu, hongwe, nikamketisha karibu na uchaga awageuze, mguu juu ya gunia, moto wa kuni za mikoko ukifuka mchana kutwa. Majirani walinisifu kwa kutomwacha mama peke yake ndani. Nami nilijisifu kimoyomoyo, sikatai.

Miezi ikapita. Hogo lilipokatwa, picha ilionyesha ufa uko palepale. Daktari, binti mdogo kwangu kwa miaka mingi, akauliza kama mama anavuta sigara. Nilikasirika. Mama yangu hata ugoro haujui.

"Basi mchana anashinda wapi?"

Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Alieleza taratibu kwamba mfupa uliovunjika hujijenga kwa oksijeni inayoletwa na damu, na kwamba moshi wa kuni, mtu akiuvuta kutwa, unakalia nafasi ya ile oksijeni. Damu inafika kwenye ufa mikono mitupu. Umri nao una sehemu yake, alisema, lakini bandani asirudi tena. Mfupa ukikataa kuunga, itabidi apasuliwe Dar, na hata hapo huenda asitembee bila magongo.

Bandarini Nyamisati tulikaa kusubiri boti ya kurudi kisiwani. Nilishindwa kumtazama mama usoni. Niliona aibu, lakini zaidi nilichoka, uchovu wa kujua kwamba miezi yote ile nilikuwa nambeba kumpeleka kwenye kilichomdhuru. Nikamwomba radhi. Akanipigapiga goti tu.

"Moshi ulikuwa unakusumbua?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Kichwa kilikuwa kinaniuma kutwa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema ungeniacha ndani, mwanangu, ukaenda kugeuza samaki wewe," alisema. "Na wewe ulikuwa unasinzia na tonge mkononi."