Asumini Zilizokawia Kuchanua

Mwandiko wangu unapandapanda na herufi nyingine huniponyoka, kwa hiyo nawaombeni radhi mapema. Nilisoma shule ya msingi tu, na naandika polepole. Lakini nikinusa asumini, mkono wenyewe hutaka kalamu.

Likizo ile nilikuwa darasa la tano. Kila Jumamosi alasiri Bi Rukia, mwalimu wetu wa michoro, alizikusanya familia kwenye bustani moja ya Mji Mkongwe tutengeneze picha bila rangi wala karatasi. Tulitumia majani ya mkungu yaliyogeuka mekundu, makombe, mchanga na makumbi ya nazi. Vidole vilinuka mwani mpaka usiku, na mimi kwa furaha sikutaka kuvinawa. Jumamosi ya mwisho picha moja ingechaguliwa ichorwe kwenye ukuta wa bustani, na mtoto wa kila familia angeieleza yao mbele ya watu. Niliutaka ukuta ule hata chakula hakikushuka. Tatizo lilikuwa haya zangu. Majirani zetu wa Bububu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo wangu hakuna aliyewahi kuusikia.

Mama yangu hutunga vikuba, vile vishada vya maua vya kunukia ambavyo wanawake huvaa harusini. Basi siku hiyo ya mwisho tulitengeneza tausi juu ya ungo: mwili wa majani ya mrehani, mkia wa maua ya mlangilangi, na katika kila unyoya jicho la asumini. Asumini Mama alizichuma alasiri zingali tumba, kama alivyozoea. Tulipotua ungo kwenye nyasi, macho yote ya tausi yalikuwa yamefumba.

"Tausi wenu ana chunjua!" akapiga kelele Salum, mtoto wa jirani. Watu wakacheka.

Mama akashika kichwa. "Lahaula! Nimechuma kama nachumia harusi. Hizi hazichanui mpaka jua likaribie kutua, mwanangu."

Bi Rukia alikuwa ameshaanza kupita akizitazama picha. Ikabaki familia moja kabla yetu, kisha zamu yetu ikafika.

"Zuwena!" akaniita.

"Naam," nikajibu. Mdomo ukaendelea wenyewe: "Shikamoo, Bi Rukia. Nakuomba utuache sisi wa mwisho. Tausi wetu hajaamka."

"Marahaba. Na akilala moja kwa moja?"

"Halali huyu!" nikasema kwa nguvu, hata Mama akanitazama kama mtoto wa mwenziwe.

Bi Rukia akacheka, akaenda kwa familia nyingine. Nikachutama kando ya ungo, sipepesi, hata jua likaanza kushuka. Tumba moja likaachia, likafuata la pili, halafu mkia mzima ukaanza kumeta mweupe. Harufu ikatoka kwa kishindo. Watu wakaacha picha zao wakasogea. Salum akapiga magoti. "Wallahi linafunguka! Njooni muone!" Nikaeleza unyoya baada ya unyoya bila kusita, mpaka adhana ya Magharibi ikanikatisha.

Ukuta tuliupata. Leo chumvi ya bahari imembandua tausi wetu; vimebaki kichwa na macho machache ya mkia. Harusi nyingi sasa huvaliwa vikuba vya plastiki, vilivyochanua tangu dukani. Mama bado huchuma alasiri, nami humshikia kikapu. Mbele za watu bado sisemi sana, lakini haya nimeyaandika mwenyewe. Nanyi niandikieni, mniambie tausi wa kwenu mngempamba kwa maua gani. Hata mkikawia, kungoja nakuweza.