Ugoro Uliochemka Kiganjani

Siku ile tulikuwa wanne nyumbani kwetu Nambis: mimi, mdogo wangu wa kike aliyefika asubuhi kutoka chuoni, shangazi aliyekuwa jikoni akichoma mahindi, na mzee mmoja mfugaji kutoka Gendabi. Wazazi wetu walipofariki, mzee huyo alituletea ng'ombe wa maziwa tukae naye, tumkamue. Mimi niliacha shule darasa la sita nikalima vitunguu saumu. Mdogo wangu akasoma kwa vitunguu hivyo na maziwa hayo. Kwa hiyo mzee akiomba ugoro kwetu, haambiwi hakuna.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe hajambo? Na wewe hujambo?" Huuliza kwa mpangilio huo siku zote. "Nasikia msomi amerudi. Ugoro wangu wa mjini uko wapi?"

Mdogo wangu alikuwa anaoga. Kwenye rafu, karibu na chumvi, nikaona kichupa cha unga wa kahawia, kina lebo ya Kiingereza. Nikajua hakumsahau mzee. Nikampa, tena kwa mikono miwili.

Mzee akakipima mkononi. "Siku hizi mjini wanauza hewa? Kimejaa, lakini ni chepesi kama unyoya."

Hata hivyo akamimina nusu kiganjani. Yeye hanusi ugoro mkavu. Akaongeza magadi ya ziwa Balangida kutoka kwenye pembe yake, akadondoshea maji ya moto ya birika, akasugua kwa kidole gumba. Unga ukaanza kutoa povu.

"Binti," akasema, ameunyoosha mkono mbali na pua, "ugoro wenu unachemka bila moto."

Shangazi akatoka kuangalia, kijinga cha moto mkononi. Hapo mdogo wangu akatokea mbio, sabuni masikioni.

"Shangazi, rudisha moto jikoni! Baba, usinuse! Dada, umempa nini?"

Tulimnawisha mzee mara tatu. Kisha mdogo wangu akakaa chini akatueleza. Ule unga ni silikoni, kitu kilekile kilichomo kwenye sola ya paa letu. Kikiwa bonge huvunjika kama chungu. Kikisagwa hadi chembe zisionekane kwa macho, hutiwa kwenye betri zikatunza umeme mwingi zaidi, maana chembe ndogo hivyo huvimba bila kupasuka. Unga huo ukivutwa puani huumiza mapafu. Ukikutana na magadi na maji ya moto hutoa gesi inayowaka. Na kichupa kile alipewa na mwalimu wake, kimoja tu, kwa jaribio la kumalizia chuo.

"Yaani ni kitu cha kuvunjika kama chungu," mzee akasema, "mkakisaga wenyewe, halafu sasa mnakiogopa?"

"Ndiyo, baba."

"Na shule yote hii ndefu ni ya hilo?"

Shangazi alicheka hadi akakalia mahindi. Mimi sikucheka. Vitunguu vya miaka yote vilikuwa kwenye ile nusu ya kichupa.

Mdogo wangu akakiinua kwenye mwanga, akakitazama muda mrefu. "Nilipanga betri nne. Nitatengeneza mbili. Zitatosha, Dada."

Zilitosha. Amemaliza chuo.

Mzee ndiye bado ananidai. Nimempelekea ugoro wa mnadani mara nyingi, ule mkali. Kila mara anauweka kiganjani, anatia magadi na maji ya moto, anasubiri akiutazama. Kisha anaufuta kwenye majani.

"Huu umekufa, binti. Deni langu liko palepale."