Kurasa Tisini na Moja za Shemeji Thurman

Shemeji yangu Thurman Sizemore hakuwa mtu wa ibada. Kanisani alikaa benchi la mwisho na kukoroma kwa kufuata kinanda, tena vizuri, hata Jumapili aliyobaki nyumbani na mafua kwaya ilipotea katikati ya wimbo. Mambo ya Mungu alimwachia mkewe Oleta, mdogo wangu mimi.

Oleta alisoma ukurasa mmoja kila asubuhi, katika kile kijitabu cha ibada tunachogawiwa kanisani kila miezi mitatu. Nami nilivuka kijito kwenda kumsikiliza, maana mimi na herufi hatujawahi kujuana. Chini ya kila ukurasa palikuwa na maneno: Leo fanya hivi. Oleta alifanya, mimi nikamwangalia akifanya.

Oleta akafa mwezi wa pili. Thurman akapanda kitandani, akageukia ukuta, basi. Ndevu zikaota mpaka kuku mmoja akaona pazuri pa kutagia. Usicheke, mayai mawili niliyakaanga mwenyewe. Mwezi wa tano binti yake Ramona akanipigia simu kutoka Ohio.

"Mama mkubwa, nakuja Jumapili ile ya kila mwaka ya kupamba makaburi. Nikimkuta baba bado kalala, namchukua nikae naye huku, na nyumba naifunga."

Nilipompa habari hiyo Thurman alifungua jicho moja. Oleta amezikwa kilimani, juu kidogo tu ya nyumba yao. Kumpeleka Ohio ilikuwa kumzika yeye pia, tofauti ni kwamba angekuwa anapumua.

"Nitaamka kwa nguvu gani, shemeji?"

"Soma ukurasa. Mwenzio aliamka nao miaka yote."

"Soma wewe."

"Nimesahau miwani."

"Mwaka wa arobaini huu unasahau miwani."

"Ndiyo ujue ni miwani mibaya."

Akasoma. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ukurasa ulimtaka apande kitu kimoja. Akatoka na suruali ya kulalia, akapanda punje moja ya maharagwe, akarudi kitandani. Jumanne akaambiwa amshukuru mtu, akanishukuru kwa kahawa, huku akisema ni chungu. Jumatano alikaa kwenye kiti. Nikaona mtu anarudi.

Ijumaa akaanza kupiga hesabu za siku. "Kwa mwendo huu nitapona Krismasi. Ramona anafika keshokutwa."

Sasa, sisi watu wa bonde hili hatusomi ukurasa wa kesho. Ni kama kula keki kabla ya kuku. Thurman alikuwa hajui, au alijua akajifanya hajui. Jumamosi aliamka alfajiri na kurasa zote tisini na moja, akazimaliza kabla ng'ombe hawajakamuliwa, kisha akatoka kwenda kutenda yote tisini na moja siku hiyo hiyo.

Ukurasa mmoja ulisema samehe. Akaenda kwa jirani yetu Lonzo Prater akamsamehe mambo ya nguruwe ya miaka ishirini nyuma. Lonzo hakuwa anajua kama ana kosa, akakasirika. Ukurasa mwingine ulisema omba radhi. Akarudi kwa Lonzo kuomba radhi kwa kumsamehe. Mmoja ulitaka anyamaze siku nzima, mwingine aimbe sifa, kwa hiyo akaimba mdomo umefungwa, mpaka nyumbu wa Lonzo akaanza kuitikia. Mmoja ulisema funga, mwingine ulisema lisha mgeni. Akapika chungu cha maharagwe, akanikalisha, akanitazama nikila huku machozi yanamtoka.

Kufika saa sita mchana alikuwa kwenye ukurasa wa tarehe ishirini mwezi wa sita: piga magoti penye maji. Akapiga magoti kijitoni, na hapo mgongo ukagoma. Tukambeba juu ya mlango wa banda, watu wanne, bado kapiga magoti.

Jumapili asubuhi Ramona akaja akamkuta hivyo hivyo kitandani. "Walau hajalala," nikasema. Hakucheka.

Siku hiyo hiyo tukampandisha makaburini kwa gari la mizigo. Meza zimejaa kuku wa kukaanga na keki, makaburi yamejaa maua. Tukamweka karibu na Oleta, mgongo umeanza kulegea.

"Baba," Ramona akasema, "kurasa tisini na moja. Umepata nini?"

"Mgongo."

Watu wakacheka. Ramona akaketi kwenye nyasi. "Na ukurasa wa leo ulisema nini?"

Thurman hakukumbuka hata neno. Akatoa kijitabu mfukoni, kimelowa, akatafuta tarehe, akasoma kwa sauti. Mwandishi wa ukurasa huo alikuwa mjane. Kila asubuhi alitoa vikombe viwili kwa mazoea, kisha akarudisha kimoja kabatini akilia. Leo fanya hivi: kikombe cha pili kimiminie mtu.

Alikuwa ameupita ukurasa ule jana kama mtu apitavyo nguzo za uzio akiwa garini. Safari hii sauti ilimkatika mara mbili. Alipomaliza alichukua chupa yangu ya kahawa, akamimina kikombe, akampa binti yake.

"Chungu," Ramona akasema, akinywa.

"Ni ya mama yako mkubwa."

"Na ukurasa wa kesho?"

"Siufungui mpaka kesho."

"Si umeshausoma, baba?"

"Nimeumeza. Kuusoma bado."

Ramona akamaliza kikombe. Akasema sawa, abaki. Ila kila asubuhi saa kumi na mbili ampigie simu na kumsomea ukurasa, na siku asipopiga, yeye anawasha gari.

Thurman hajakosa hata siku moja. Anaamka, ananyoa, anavaa buti, kama simu ina macho. Tatizo ni kwamba simu ya bonde letu ni waya mmoja wa nyumba kumi na moja, na wote tunainua simu polepole tukijifanya hatupo. Juzi alifika katikati ya ukurasa akanyamaza, jina la Oleta limemjia. Ramona hakumharakisha. Nyumba zote zikashika pumzi. Kisha mtu mmoja, ambaye huapa kwamba hasikilizi simu za watu, akasema kwa upole, "Endelea basi, bwana, mayai yangu yanaungua."

Thurman akacheka, akaendelea.